Ndugu wa Mwenye Nyumba

Jumamosi, 18 Februari

Nyuzi sita chini ya sifuri. Moshi wa makaa umetanda Bishkek nzima, unauonja mpaka kooni. Leo nimeanza rasmi kununua nyumba.

Mimi, Esenkul, nimekaa nusu ya maisha yangu kwenye kituo cha hali ya hewa kule juu mlimani, napima theluji. Mtu aliyeweza theluji hashindwi na dalali. Nyumba yangu ya kule mlimani, At-Bashy, nimeshaiuza, hela iko benki, na chumba hiki cha kupanga kimenichosha. Kitanda, kiti kimoja, dirisha linalotazama ukuta. Chai nakunywa na redio. Tangu mke wangu Sabira afariki sijawahi kumaliza birika. Perizat, binti yetu, yuko Moscow. Amesema siku nikipata nyumba yenye chumba cha ziada, atakuja kukaa na mimi. Hajasema lini. Basi nyumba kwanza, tarehe baadaye.

Dalali wangu anaitwa Salkynay. Mama wa makamo, buti ndefu, simu mbili. Nilichelewa nusu saa makusudi, ajue mnunuzi ni nani. Nikamkuta kwenye kona ya duka la mikate, pua nyekundu kwa baridi. Akaniambia, "Kaka Esenkul, ukichelewa unanipigia. Simu si unayo?" Halafu njia nzima ikawa darasa. Mwenye nyumba hapondwi nyumbani kwake. Bei haitajwi mbele yake, hiyo ni kazi ya dalali. Makabati ya watu hayafunguliwi. Na kamwe, kamwe, nisirudi kwa mwenye nyumba bila yeye kujua. Nikaitikia yote. Kuitikia ni bure.

Mkakati wangu wa leo: kuponda. Mtu akisikia mali yake inapondwa, bei inashuka yenyewe.

Nikaponda mlango. Nikaponda bomba la jikoni. Nikafungua kabati, nikaguna kwa sauti. Chumbani ukuta mzima ulikuwa umechorwa farasi. Nikauliza aliyechora alikuwa anaumwa nini. Kumbe mchoraji ni mwenye nyumba mwenyewe, mwalimu wa sanaa, na amesimama nyuma yangu na sahani ya mkate. Nikaona heri nitoke. Nikatoka.

Ngazini Salkynay akanigeukia. Akasema matusi anaweza kuyaombea radhi, amezoea, lakini kutoka nyumba ya watu bila hata kuumega mkate? "Ulilelewa na nani wewe, mbwa mwitu?" Nikamweleza kwamba mkate ungenifanya nionekane nina njaa ya nyumba. Akashika kichwa.

Bei haikushuka. Mlango ulifungwa na ufunguo ukazungushwa mara mbili.

Jumapili, 19 Februari

Perizat kapiga. Yuko kazini, ati Jumapili pia wanafanya kazi. Nikamwambia nyumba iko karibu kupatikana. Akasema, "Vizuri, baba, usijichoshe." Nyuma yake nikasikia watu wanacheka. Nikamwuliza ni akina nani. Simu ilikuwa imeshakatika.

Jumatano, 22 Februari

Nimetumia akili. Kwa nini dalali mmoja? Nimechukua watatu! Kila mmoja hamjui mwenzake. Wakimbizane wao, mimi nichague.

Salkynay akasema ana nyumba nzuri karibu na bustani, tukutane asubuhi. Dalali wa pili, kijana mwenye kofia ya ngozi, akasema ana nyumba nzuri karibu na bustani. Wa tatu, mzee mwenye kikohozi, naye ana nyumba nzuri karibu na bustani. Nikafurahi: nyumba tatu!

Nyumba moja.

Nimesimama sebuleni na Salkynay, namega mkate kwa adabu zote, kengele inalia. Anaingia kijana. "Ahaa, mzee Esenkul, umenitangulia!" Nikajitia hamnazo, nikawa nachunguza taa ya dari. Kengele tena. Kikohozi nilikijua kabla mlango haujafunguliwa. Mwenye nyumba, mwanamke mwoga, akadhani ni genge la wezi, akaenda kumwita jirani. Madalali watatu wakanizunguka. Nikasema mimi ni mtu wa milimani, huku mjini sijui taratibu. Kikohozi akasema milimani kondoo mmoja hauzwi kwa watu watatu pia.

Tulipofika chini, Salkynay hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema, "Kaka, hii kazi ndiyo inanilisha. Siku nikikutembeza wewe, simtembezi mwingine. Nisipouza, sili. Sasa chagua: mimi, au hao."

Nikamchagua yeye. Wale wawili nimewapigia, mmoja kanitukana, mwingine kakohoa. Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: sikumchagua kwa nyumba zake. Nimemchagua kwa sababu kila asubuhi hupiga simu, na kabla ya kusema nyumba iko wapi, huuliza kama nimeamka salama.

Wakati tunaagana akaja mteja wake wa zamu inayofuata. Daktari wa meno, Turdubek. Mjane kama mimi, ila ana gari. Alikuwa amechelewa dakika chache tu na alikuwa ameshapiga simu kuomba radhi. Akanipa mkono, akaniita kaka. Akaomba ruhusa ya kuvaa soksi safi kabla ya kuingia nyumba ya watu. Soksi! Kaja nazo kwenye mfuko! Salkynay alimtazama kama mwalimu anavyomtazama yule mtoto wa dawati la mbele. Simpendi mtu huyu.

Jumamosi, 25 Februari

Nyumba nimeipata. NYUMBA NIMEIPATA.

Ghorofa ya pili, vyumba vitatu, jua linaingia asubuhi mpaka jikoni. Roshani ya kuwekea kipimajoto. Mwenyewe anaitwa Sayra, mjane, zamani alikuwa muuguzi. Watoto wameondoka, vyumba vinamzidi, anataka kuuza achukue kijumba kidogo.

Nilikusudia kukaa kimya na kukunja uso. Akatuketisha. Akaleta katama ya moto, ile chapati ya matabaka yenye kitunguu na mafuta, na jamu ya cheri, na chai ya maziwa. Anamimina kwa adabu ya kikwetu hasa, kikombe kidogo na chai ya kufunika kitako chake tu, ili umalize haraka, umrudishie, akuongeze. Anayetaka uondoke hukujazia mpaka ukingoni. Mimi nilirudisha kikombe sijui mara ngapi. Akaniuliza natoka wapi, nina nani. Nikajibu kama niko polisi. Halafu nikamsimulia majira yale ambayo theluji ilifunika kituo, mimi na marehemu Sabira tukawa tunatoka kupitia dirishani, na mbuzi wetu naye dirishani, na mbuzi akagoma. Sayra alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Sikumbuki mara ya mwisho nimemchekesha mtu.

Salkynay akatazama saa. Akatazama tena. Akanikumbusha kwamba kuna mgeni anasubiri ngazini. Nilijua: daktari Turdubek na soksi zake. Nikaomba kikombe kingine.

Ngazini Salkynay akanishika mkono wa koti. Akasema nyumba hii nisiiharibu. "Hapa niachie mimi, kaka. Usipige simu, usije, usiseme kitu. Kuna mambo yanataka polepole." Macho yake yalikuwa na kitu. Nikaondoka nikiwaza. Polepole ya nini? Dalali gani anataka polepole?

Nimepata jibu nikiwa kitandani. Anataka kupandisha bei! Ada yake inapanda na bei!

Jumatano, 1 Machi

Theluji ya maji, mbaya. Nilitabiri jua. Si kitu, akili yangu leo imewaka.

Nimekumbuka picha ukutani kwa Sayra. Baba yake, mzee mwenye kofia ndefu ya kalpak, ziwa nyuma yake. Sayra alisema ni watu wa Jeti-Oguz, ukoo wa Bugu. Mimi ni Mcherik wa At-Bashy, ukoo mwingine kabisa, na huo ndio ubaya wangu wote. Mcherik ni mnunuzi tu. Lakini kama ningekuwa Mbugu? Ningekuwa ndugu! Kwetu kila mtu hukariri baba zake saba, vizazi saba kurudi nyuma, na mkikutana kwa babu mmoja humo, huyo ni damu yako. Mnazikana, mnachangiana harusi. Ndugu hapandishiwi bei. Ndugu haletewi dalali katikati.

Nimekwenda soko la Osh. Nikatafuta muuza matofaa wa Jeti-Oguz, nikapata mmoja mwenye masharubu. Nikanunua mfuko mmoja, nikamwuliza kiungwana baba zake saba ni nani. Akavimba kwa fahari. Akawataja wote bila kupumua: Jolboldu, Karymshak, Sarman, Kudayber, Tokoch, Bekten, Mendesh. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mara ya tatu akaniuliza kama mimi ni mtu wa usalama. Nikanunua mfuko wa pili.

Jioni nzima nimeyakariri majina hayo. Jolboldu, Karymshak, Sarman. Baba yangu mzazi anisamehe. Alikuwa mtu wa kawaida na hakuacha nyumba ya ghorofa.

Ijumaa, 3 Machi

Salkynay kapiga asubuhi. Nimeamka salama? Nimeamka. Akasema mambo ya Sayra yanakwenda vizuri, nitulie tu, labda wiki ijayo tutakwenda tena kunywa chai, nivae shati safi. Nikasema sawa, dada. Kudayber, Tokoch, Bekten.

Jumamosi, 4 Machi

Nimekwenda. Peke yangu, na mifuko yote miwili ya matofaa.

Sayra alishtuka kidogo kuniona bila dalali. Lakini hakunifukuza! Akaingia ndani, akarudi amepaka rangi ya midomo, nadhani alikuwa anatoka kwenda mahali. Akaniketisha, akanimiminia chai kidogo. Akauliza kama yule mbuzi hatimaye alitoka. Nikasema mbuzi baadaye, leo nimekuja na jambo kubwa zaidi. Akakaa. Akapanga kitambaa chake vizuri. Akasema, "Haya, sema, Esenkul. Tuko watu wazima."

Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikataja baba zangu saba.

Nilipofika Tokoch, akaliweka birika chini. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaenda ndani, akaleta karatasi ya marehemu baba yake, akafuata kwa kidole. Tokoch! Wa tano wangu, wa tano wake! Sikutegemea bahati kama hii, mimi nilitaka ukoo tu, sasa nimepata na babu kabisa.

Akaikunja karatasi. Kisha akasema polepole, "Kumbe wewe ni kaka yangu." Nikamwambia ndiyo! Kaka wa damu! Akasema, "Haya. Kaka zangu wote wamekufa. Mungu amenipa mwingine." Akatabasamu, lakini hakucheka kile kicheko cha juzi. Akachukua kikombe changu, akakijaza mpaka ukingoni.

Nilifurahi sana. Ndugu hapimiwi chai.

Nikaingia kwenye bei. Hapo akanishangaza. Akasema na ndugu mtu hapatani bei. Akinipunguzia, wanawe watanuna. Asiponipunguzia, ukoo mzima utamnyooshea kidole. Bora amuuzie mtu baki, mimi niwe nakuja kula tu, kama kaka. Nikasema mimi sitajali kuwa baki kwenye upande wa bei. Akasema damu haina upande.

Kizuizi kidogo. Nitakivuka.

Jumapili, 5 Machi

Simu imelia! Mpwa wa Sayra, anamwoza binti yake, amesikia wamepata mjomba, anauliza nitachangia kondoo au hela. Simu imelia tena! Bibi mmoja wa Karakol, mkubwa wa ukoo, analia kwa furaha, ati sauti yangu ni ya marehemu Sarman mtupu. Nikamwuliza afya. Tukaongea karibu saa nzima juu ya goti lake. Imelia tena! Kuna msiba wa mbali, ukoo unahitaji mtu wa kukaa mlangoni na kupokea wageni.

Perizat alipiga, akakuta simu inatumika. Alipiga mara mbili! Aliponipata akaniuliza naongea na nani muda wote huo. Nikamwambia ndugu. Akauliza, "Ndugu gani, baba? Sisi tuna ndugu?" Nikamwambia tunao wengi, nimewapata wiki hii.

Kondoo ni ghali. Lakini nimelala mchana na simu kifuani.

Jumatano, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Nimenunua mafungu mawili ya tulipu, moja la Salkynay, moja la dada yangu Sayra. Salkynay hakupokea simu. Nikaenda moja kwa moja kwa Sayra.

Niliyoyakuta! Sayra kakaa kitini karibu na dirisha, mdomo wazi. Daktari Turdubek kamwinamia na kijitochi, anamtazama jino. Mezani maua ya manjano, makubwa kuliko yangu. Na Salkynay kakaa pembeni na daftari lake. Kumbe Turdubek amekuja kuitazama nyumba mara ya pili, amepiga simu kabla, amekuja na dalali, amevaa zile soksi. Na dada yangu alikuwa na jino linamsumbua tangu jana, na ndivyo ilivyokwenda.

Sayra akafunga mdomo, akasema kwa furaha, "Karibu! Huyu hapa ndiye kaka yangu, Esenkul. Tunakutana kwa babu yetu Tokoch."

Salkynay akanitazama. Anajua mimi ni Mcherik, nilimwambia mwenyewe siku ya kwanza, nikajisifu na jina la babu. Nikamwomba kwa macho. Alikuwa mweupe kama karatasi. Lakini mteja haaibishwi mbele ya mwenye nyumba, hiyo pia ni kanuni yake. Akafunga daftari.

Turdubek akasimama. Akaniinamia kwa mikono miwili, kama mtu anavyomwinamia mkubwa wa nyumba. Akasema hakujua. Akasema amefurahi sana kujua Sayra ana kaka. Sana. Alisema "sana" mara mbili.

Ana nini mtu huyu?

Jumapili, 12 Machi

Sijui niandikeje.

Sayra alinipigia jana, sauti ndogo, akaniomba nije mchana, nivae vizuri, nikae kama kaka. Nikadhani ni ile nyumba. Nikadhani moyo umelainika. Nimefika, nimekalishwa mahali pa juu kabisa, mbali na mlango, pale anapokaa mkubwa. Mimi! Nimetulia, nala maandazi. Kengele ikalia.

Turdubek. Na wazee wawili. Na pete za masikioni za fedha kwenye kitambaa cheupe.

Posa! Wamekuja kuposa! Na wamekuja kwangu! Maana baba yake hayupo, kaka zake hawapo, na walii wake ni mimi.

Mzee mmoja akasema maneno marefu mazuri. Alisema kijana wao, kijana ana miaka sitini na kitu, alikuja hapa kutafuta nyumba akapata mwenye nyumba. Wakacheka wote. Alisema hawakutaka kufanya kitu kwa mlango wa nyuma, ndiyo maana wamemtafuta kaka kwanza. Kisha wakaningoja.

Nikamtazama Sayra. Alikuwa ananitazama, kitambaa kipya kichwani, ananingoja kama wengine. Nikikataa, lazima nitoe sababu. Sababu ni kwamba mimi si kaka. Na kama mimi si kaka, basi mimi ni mwongo ninayekula maandazi mahali pa juu. Na bibi wa Karakol na goti lake? Na simu?

Nikafungua viganja. Nikasoma fatiha. Nikawaombea amani, watoto wa watoto, na nyumba isiyokosa wageni. Sauti ikanikatika katikati. Wazee wakasema huo ni uchungu wa kaka, wakanisifu.

Halafu wakanivika joho jeusi lenye nakshi, zawadi ya walii. Linanikaa vizuri mabegani. Sayra akanibusu shavuni na kuniambia nimemfanya asijione yatima. Nyumba haiuzwi tena. Turdubek anahamia.

Nimerudi kwa miguu na joho langu. Ngazini nikakutana na mama mwenye nyumba wangu. Akauliza kama nimetoka harusini. Nikasema ndiyo. Akauliza ya nani. Nikasema ya dada yangu. Nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti, sikulivua mpaka giza lilipoingia. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumanne, 14 Machi

Salkynay kapiga. Nilikuwa nimejiandaa: nitamwambia ni yeye aliyemleta daktari, ni yeye aliyeharibu.

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo baya. Akasema ananieleza mara moja tu, kisha tuagane. Ile siku ya katama, mimi nikiwa bado navaa viatu mlangoni, Sayra alimvuta jikoni akamwuliza, "Huyu wa mbuzi ana mke?" Salkynay akamwambia hana. Sayra akamwambia basi mlete tena, na kuuza usiharakishe. "Nikakwambia ngazini, hapa niachie mimi. Nilishakubali kupoteza ada yangu, kaka. Nilikuona unavyorudisha kile kikombe."

Nikakaa kwenye kiti.

Akasema, "Ukaenda mwenyewe, ukajifanya kaka yake. Ndani ya baba saba watu hawaoani, kila mtoto anajua. Ulimfungia mwenyewe mlango, na yeye ameshapaka rangi ya midomo."

Nikamwuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema, "Ningekuambiaje? Ungeenda kupatana bei."

Akanitakia kila la heri. Akasema hatanitembeza tena, na nisimpigie. Nikamwambia mimi nilizungumzia nyumba, sikuzungumzia ndoa. Akasema anajua. Akakata.

Jumatano, 15 Machi

Asubuhi simu haikulia. Nimeamka salama.

Jumatano, 22 Machi

Jana Nooruz, mwaka mpya wa kikwetu. Nilialikwa kwa Sayra, mahali pa juu, na joho. Turdubek mwenyewe ndiye aliyenimiminia chai. Nikawasaidia kupandisha kabati lake la nguo mpaka ghorofa ya pili, kabati zito, kaka ndiye hushika upande wa chini. Chumba kile cha jua amekifanya cha vitabu vya meno. Sayra akaniuliza tena habari za mbuzi. Nikaanza kusimulia, akaitwa jikoni. Jioni kila mtu akaenda na mtu wake.

Perizat alituma ujumbe. Kuja majira haya ya joto hataweza, labda mwakani.

Mgongo unauma. Nimepata muda wa kufikiri, na nimeligundua kosa. Salkynay ana lake, lakini yale ni maneno ya dalali aliyekosa ada. Kosa halikuwa kujifanya ndugu. Kosa lilikuwa umbali! Babu wa tano ni mbali mno. Ndugu wa babu wa tano unampa mahali pa juu, unamlisha, unamwambia kwaheri. Ndugu wa karibu hawezi kuambiwa kwaheri. Ndugu wa karibu anapewa chumba.

Nimepata dalali mpya, msichana mpole. Jumamosi ananipeleka kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu, mjane, mtu wa Talas. Nimeambiwa anapika vizuri na anapenda mazungumzo. Dalali ameniomba kitu kimoja tu, nisiende kabla yake. Nimeitikia. Leo nimeshinda soko la Osh kwa muuza maharage wa Talas. Nina kilo nane za maharage na baba saba wapya, nimewajua kwa moyo. Safari hii sitabahatisha, nimepitia kwa dada yake mwalimu kwanza, nikajifanya mpimaji wa mita, nikayapata majina ya baba zao wote. Tutakutana kwenye baba wa pili.